Filoksera ni nini?

Filoksera ni mdudu wa manjano mwenye urefu wa milimita 1 hivi, ndugu wa karibu wa vidukari. Kitaalamu huitwa Daktulosphaira vitifoliae. Hana haja na zabibu zenyewe; anayemdhuru mkulima ni yule anayefyonza mizizi.

Asili yake ni mashariki mwa Amerika Kaskazini. Mizabibu ya mwitu ya huko imemzoea: akiitoboa mizizi, nayo huziba kidonda kwa tabaka gumu. Mzabibu wa Ulaya, Vitis vinifera, hauwezi hivyo. Mzizi wake huvimba, uvimbe hupasuka, kisha kuvu wa udongoni huingia na kuuozesha. Kwa hiyo mdudu huanzisha tu. Wauaji hasa ni kuoza na njaa.

Katika miaka ya 1860 mizabibu ya kusini mwa Ufaransa ilianza kunyauka, na waliong'oa iliyokufa hawakukuta kitu. Mwaka 1868 Jules Émile Planchon, mtaalamu wa mimea wa Montpellier, na wenzake wawili walifukua mizabibu iliyokuwa bado hai karibu na ile iliyokufa. Mizizi ilikuwa imejaa wadudu. Mzizi uliokufa hauna utomvu, hivyo filoksera huwa amekwisha kuhama. Kwangu mimi huo ndio ugunduzi wenyewe: kujua pa kuchimba. Hata hivyo, wapo wataalamu waliobisha kwa miaka kadhaa, wakidai mdudu hufuata mzabibu ambao tayari ni mgonjwa.

Wakulima walipiga sumu ya kaboni disalfaidi ardhini kwa mabomba, wengine wakagharikisha mashamba wakati wa baridi. Serikali ya Ufaransa ikatangaza zawadi ya faranga 300,000 kwa atakayepata tiba. Kilichofaa mwishowe ni kubebesha: kuunganisha kikonyo (kipande cha tawi) cha mzabibu wa Ulaya juu ya shina lenye mizizi la mzabibu wa Amerika. Mdudu habanduki shambani, ila mmea humvumilia, na zabibu hubaki zilezile.

Shina nalo lilihitaji utafiti wake. Mashina ya kwanza yaligeuka manjano kwenye udongo wa chokaa, ndipo Pierre Viala akatumwa Marekani mwaka 1887 kutafuta yanayouweza. Vitis berlandieri wa Texas ukaingia katika uzalishaji wa mashina mapya. (Kwenye mchanga mtupu filoksera hastawi, na huko mizabibu ya Ulaya huweza kusimama kwa mizizi yake yenyewe.)

Kalifornia ilipata somo lake baadaye. Shina liitwalo AXR1 lilipendwa kwa kuzaa sana, ingawa mzazi wake mmoja ni mzabibu wa Ulaya na lilikuwa limekwisha kushindwa nje ya Marekani. Katika miaka ya 1980 filoksera wa aina iliyolimudu walienea Napa na Sonoma, na maelfu ya hekta yakalazimika kupandwa upya. Ndiyo sababu siku hizi shina jipya hujaribiwa kwa filoksera wa koo mbalimbali, kwani linalomvumilia mmoja laweza kuangushwa na mwingine.