Kadi ya ahsante kwa askari aliye mbali: mwandikie habari za nyumbani

Kila ukikaribia mwezi wa Mei simu yangu haitulii. Ni walimu wa skuli za huku Pemba. Tarehe 29 ni siku ya walinda amani wa Umoja wa Mataifa, na watoto wanataka kuwaandikia askari wetu kadi za ahsante. Wananitafuta mimi kwa kuwa nilipokuwa na Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) mashariki ya Kongo nilikuwa karani wa kikosi, na karatasi zote zilizoingia kambini zilipita mkononi mwangu.

Nianze na kinachoharibu kadi nyingi. Mtoto anaanza na ile salamu ya wazee: "Natumai u mzima wa afya, hofu na mashaka ni kwako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu." Akimaliza, nafasi imekwisha. Chini anabana "Ahsante kwa kulinda amani", basi. Kadi 40, maneno yale yale, kumbe mwalimu kayaandika ubaoni. Askari akisoma tatu, zilizobaki anatazama michoro.

Kadi niliyoona ikitunzwa ilitoka kwa mtoto wa darasa la nne, upande wa Konde. "Ahsante kaka askari. Mwaka huu mikarafuu imezaa sana. Juzi mvua ilitukuta hatujaanua, tukakimbilia majamvi, bibi akateleza akaanguka, akacheka mwenyewe." Hayo tu. Ilimwangukia koplo mmoja Mpemba, akaining'iniza ndani ya chandarua chake. Wenziwe wa Songea na Musoma wakaja kuuliza: kwani karafuu ikirowa inakuwaje? Akawaeleza habari ya mpeta, yaani karafuu iliyoharibika kwa kutokauka vizuri, bei inavyoanguka, na makonyo, vile vikonyo vya karafuu, yanavyochambuliwa. Usiku ule hema zima lilikuwa shambani kwao.

Wapo wanaosema siku hizi kuna WhatsApp. Ipo, ila mtandao wa porini unakuja na kwenda, na ujumbe wa simu huubandiki kitandani. Tena kule Beni, mji wa mashariki ya Kongo, Kiswahili kipo sokoni, lakini unashukuriwa kwa "aksanti". Unakipenda, unakizoea, na bado siku moja unatamani kusikia mtu anakwambia ahsante kwa lafudhi ya kwenu.

Njia ya kuzipeleka ni kupitia kambi ya jeshi iliyo karibu nanyi. Ulizeni kwanza kama kuna kikosi kinachotarajiwa kuondoka. Zitieni zote katika bahasha moja kubwa ya kaki, wala msiigundishe, maana lazima zikaguliwe. Msiandike "kwa askari yeyote" mkatia posta. Wamarekani walikuwa na utaratibu huo wakausitisha mwaka 2001, baada ya bahasha zenye kimeta kusambazwa kwao. Kama mnamjua askari mwenyewe, mkewe au mama yake ndiye atakayewaambia njia. Na msichelewe: kikosi hukaa yapata mwaka, kadi ikifika mwezi wa mwisho inakuta watu wanafunga mabegi.

Mtoto aandike jina lake la kwanza, darasa na skuli. Namba ya simu hapana, picha hapana. Kituo cha askari kisitajwe. Karatasi ya manila na kalamu ya biro vinatosha. Wino wa maji ukikutana na unyevu wa Kongo unabaki ukungu wa buluu.

Kuna swali moja watoto wa kiume hawaliachi: "Umeua wangapi?" Tarehe 7 Desemba 2017 askari wetu wasiopungua 14 waliuawa katika shambulio la Semuliki, Kivu Kaskazini, huko huko Kongo. Pengine atakayeisoma kadi hiyo alimbeba mwenzake siku ile. Swali hilo nalifuta mwenyewe kwa wino mzito, mwalimu akinuna anune.

Msitie chochote ndani ya kadi. Mbegu, majani, viungo, vyote huweza kuzuiwa mipakani. Mwaka jana katika bunda la skuli moja nilikuta kadi yenye karafuu tatu zimebandikwa kwa selotepu, na chini yake: "Unuse." Nilizibandua, nikaitia kadi bahashani pamoja na nyingine. Doa la mafuta lilikwishaingia kwenye manila, na harufu ilikuwa imo vile vile.