Kuboresha wasifu wa mtu wa masoko Wikipedia: watu wanavyodhani na ilivyo kweli

Aisee hapa Arusha watu wa biashara wamechangamka siku hizi, mtu ana kampuni ya utalii Njiro, ameandika kitabu cha namna ya kuuza mtandaoni, anafundisha semina mpaka Moshi, halafu kinachofuata ni "nataka na mimi niwemo Wikipedia", au kama ukurasa tayari upo basi "niboreshee kidogo". Mi naipenda sana hii kazi ya kuhariri na inaniuma nikiona mtu anaanza vibaya mpaka makala inafutwa, kwa hiyo ngoja niyaseme haya ninayoyasikia kila mara.

Dhana kubwa kuliko zote ni kwamba kuboresha wasifu maana yake kuongeza sifa. Mtu anabonyeza hariri anaandika "gwiji wa masoko mwenye maono, anayetambulika kimataifa, aliyebadilisha maisha ya maelfu". Jamani hapo hujaboresha, umeharibu, kwa sababu hakuna hata neno moja msomaji anaweza kwenda kulihakiki. Mchukue Seth Godin, yule Mmarekani mwandishi wa vitabu vya masoko ambaye pia ni mjasiriamali. Sentensi inayomfaa ni hii: alianzisha kampuni ya Yoyodyne mwaka 1995, Yahoo! wakainunua mwaka 1998. Basi. Nani alianzisha, lini, nani alinunua, kila kipande kina pa kukishikia, na msomaji akimaliza anajua mwenyewe kwamba huyu jamaa sio wa kawaida, hujamlazimisha. Ukiendelea unaandika pia kwamba mtandao wake wa Squidoo ulikuja kuchukuliwa na HubPages mwaka 2014, yani safari yote inaingia, sio pale alipong'aa tu.

Ndani ya hiyohiyo kuna hili la "kitabu kilichoongoza kwa mauzo". Kiliongoza orodha ya nani? Wiki gani? Orodha za Amazon zinabadilika kila saa na zimegawanywa vikundi vidogo vidogo kibao, mtu anaweza kuwa namba 1 asubuhi kwenye kikundi ambacho hakina ushindani wowote, akapiga skrinishoti, akaitembeza miaka mitano. Kama hakuna chanzo kinachotaja orodha na tarehe, ondoa tu, andika jina la kitabu, mchapishaji na mwaka, inatosha kabisa.

Halafu vyanzo. Wengi wanadhani ukiwa na vyanzo 20 umemaliza, ukiviangalia unakuta tovuti yake mwenyewe, chaneli yake ya YouTube, LinkedIn, tangazo alilolipia gazetini, na mahojiano ya redio ambayo muda wote ni yeye anajielezea. Ukweli ni kwamba hivyo vyote ni sauti moja, ya kwake. Kinachotakiwa ni watu wasiohusika naye, waliomchunguza na kumwandika kwa kina bila yeye kuwalipa: makala ya Mwananchi au The Citizen iliyoandikwa na mwandishi wa habari kwa uamuzi wake, uhakiki wa kitabu, utafiti wa chuo. Makala 3 za hivyo zinashinda linki 20 za kujisifia. Sisemi maneno ya mtu mwenyewe hayatumiki kabisa. Mzee Reginald Mengi wa Machame, yule mfanyabiashara aliyemiliki vyombo vya habari, aliyefariki Mei 2019, alitoa kitabu cha maisha yake mwaka mmoja kabla, na kitabu kama hicho unaweza kukitumia kwa mambo ya kawaida kama alikolelewa na alikosoma. Lakini ukitaka kueleza uzito wake kwenye vyombo vya habari Tanzania, hapo unatafuta wengine waliomwandika, na bahati nzuri kwake ni wengi mno.

Sasa hili la hela naomba mlisome vizuri. Watu wanaamini kuna mtu ukimlipa "anakuingiza" na ukurasa haufutwi. Wakabidhi, yani wale wanaosimamia Wikipedia ya Kiswahili, ni watu wa kujitolea, hawauzi kurasa. Mwaka 2015 Wikipedia ya Kiingereza ilifungia akaunti 381 kwa mpigo kwenye sakata lililoitwa Orangemoody, na makala 210 zikafutwa. Wenye akaunti hizo walivyokuwa wanafanya ni hivi: wanatafuta rasimu za watu zilizokataliwa, wanamfuata mwenye biashara wanajifanya wahariri wakubwa, analipa, makala inapandishwa, halafu wengine wanadaiwa tena hela ya kila mwezi ili "ilindwe". Walioliwa walikuwa wafanyabiashara wadogo wa kawaida, wale wale kama wa kwetu huku. Kwa hiyo dada yangu, kaka yangu, akikujia mtu WhatsApp na ahadi ya hivyo, usitume hata mia. Kulipwa kuhariri kwenyewe sio kosa, tangu 2014 masharti ya matumizi yanasema anayelipwa atamke wazi nani anamlipa na kwa kazi gani. Anayekwambia tufanye kimya kimya ndiye wa kumkimbia.

"Lakini ni ukurasa wangu, unanihusu mimi." Unakuhusu, ila sio wako. Huwezi kufuta lawama iliyoandikwa na gazeti la kuaminika kwa sababu imekukera, na shabiki wako naye hawezi kuifuta. Hapohapo usidhani mtu yeyote anaruhusiwa kukuchafua atakavyo. Mwaka 2005 Mmarekani mmoja mwandishi wa habari mstaafu, John Seigenthaler, aliandikiwa uongo kwamba aliwahi kushukiwa kwenye mauaji ya Kennedy, ukakaa pale karibu miezi 4 bila mtu kushtuka. Baada ya aibu ile sheria za wasifu wa watu walio hai zilikazwa, na leo jambo baya lisilo na chanzo linatolewa papo hapo, halisubiri mjadala. Ukiona kosa kwenye wasifu wako nenda sehemu ya Majadiliano, jitambulishe kuwa ni wewe au mfanyakazi wako, weka sentensi ilivyo sasa, weka inavyotakiwa kuwa, weka linki ya chanzo, kisha mwache mhariri mwingine aibadilishe. Inachukua muda kidogo ila inadumu.

Kuna wanaotaka ukurasa ili tovuti yao ipande Google. Linki za nje za Wikipedia zimewekewa alama ya nofollow tangu 2007, inayoziambia injini za kutafuta zisizihesabu kama kura, kwa hiyo kujaza linki za duka lako unajichosha na wahariri wataziondoa.

Na hii ya kuchukua makala ya Kiingereza ukaipitisha kwenye mashine ukapesti kwenye ya Kiswahili, hapana. Unapata Kiswahili ambacho hata bibi yako Marangu hakielewi, na bado vyanzo hujavisoma hata kimoja. Vyanzo vya Kiingereza vinakubalika kwenye makala ya Kiswahili, hilo lisikutishe, ila visome kwanza halafu andika mwenyewe kwa maneno yako. Ikiwa fupi wataiwekea alama kwamba bado ni mbegu, sio dharau hiyo, ni mwaliko kwa wengine waje waongeze nyama.

Picha nayo inaangusha wengi. Wewe kuonekana kwenye picha hakufanyi picha iwe yako, mara nyingi haki ni ya aliyeipiga. Kama ni kijana wa studio pale mjini ndiye alikupiga siku ya uzinduzi wa kitabu, muombe aipandishe mwenyewe Wikimedia Commons, yani ile hazina ya picha zinazotumika Wikipedia, kwa leseni huria, na umueleze mapema kwamba baada ya hapo mtu yeyote anaweza kuitumia, hata kibiashara, mradi amtaje jina.