Kufundisha Wema kwa Hadithi: Yanayodhaniwa na Yaliyo Kweli

Katika shule nyingi za msingi hapa Mombasa, hadithi husimuliwa pale somo linapokwisha mapema au mvua inapowazuia watoto kutoka kucheza, kana kwamba kazi yake ni kujaza muda, na kwamba wema wenyewe hufundishwa kwa maonyo na kanuni zilizobandikwa ukutani. Dhana hiyo haina msingi. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutumika nchini kote katika gredi za awali mwaka 2019, unataja upendo, heshima, uwajibikaji na umoja miongoni mwa maadili ya kukuzwa katika masomo yote, na kwa mtoto wa miaka sita maneno hayo hayana sura mpaka ayaone yakitendwa na mtu fulani, mahali fulani. Hadithi ndiyo inayoyapa sura.

Dhana iliyoota mizizi zaidi ni kwamba hadithi isiyomwadhibu mkosaji haina funzo. Wengi wetu tulikua tukisikia jinsi mtoto mchoyo alivyoliwa na zimwi. Mwaka 2014 Kang Lee wa Chuo Kikuu cha Toronto, Kanada, pamoja na wenzake, walichapisha utafiti ambamo watoto wa miaka 3 hadi 7 walisomewa hadithi, kisha wakaulizwa kama walikuwa wamechungulia kitu walichokatazwa kukitazama. Hadithi ambamo mwongo anapatwa na mabaya hazikuwabadilisha, ilhali ile ambamo mtoto anasifiwa kwa kukiri kosa iliwafanya wengi zaidi waseme kweli. Na mwisho wake ulipogeuzwa ili msema uongo ndiye aadhirike, nguvu hiyo ikatoweka. Utafiti ulihusu kusema kweli, si ukarimu, lakini mwalimu hapaswi kuupuuza, kwa sababu mtoto anayehadithiwa zimwi hujifunza kumwogopa zimwi, wala hajamjua bado mwenzake mwenye njaa.

Darasani kwangu, gredi ya pili, nilisimulia kisa cha msichana aliyeangusha mahamri yake mchangani wakati wa mapumziko. Niliita "Paukwa!", wakaitikia "Pakawa!", nikasimulia hadi mahamri yalipoanguka, nikanyamaza kidogo, kisha nikauliza, "Sasa huyu moyoni mwake mna nini?" Mvulana wa dawati la nyuma akajibu, "Mwalimu, analia ndani kwa ndani, maana akitoa machozi watamcheka." Hapo ndipo nilipoendelea na mwenzake aliyemmegea nusu ya hamri lake bila kuambiwa na mtu, wakaketi chini ya mwarobaini wakala. Jibu la mvulana yule lilikuwa limekwisha kufanya kazi ambayo zimwi lisingeiweza.

Wako pia wanaoamini kwamba watoto wadogo huelewa hadithi za wanyama tu. Ninazipenda hadithi za Sungura na Fisi, na sitaki ziachwe. Ila Sungura hushinda kwa ujanja, na darasa humcheka aliyepunjwa. Kwa somo la wema, kisa cha watoto kama wao, wenye sare na mkoba kama wao, huwafikia upesi zaidi.

Kuhusu ile tamati ya "hadithi hii inatufunza kwamba…", mengi hayahitajiki: watoto huikariri kama jedwali la kuzidisha, na pindi wanapoambiwa jibu huacha kulitafuta. Afadhali dakika za mwisho za kipindi cha nusu saa ziachiwe maswali yao.

Wala si kweli kwamba hadithi ikisimuliwa mara moja imekwisha. Watoto wenyewe huomba irudiwe, na katika kurudiwa huko hubadilisha upande wanaousimamia. Wiki ya pili tuliigiza kisa cha mahamri, na mtoto mmoja ambaye mara kwa mara huwapokonya wenzake penseli alinyoosha mkono wa kwanza, akaomba yeye ndiye awe msichana anayeangusha.