Giza la kutazamia nyota liko karibu na mji wako mdogo

Anayeishi katika mji mdogo wa vijijini ana hazina ambayo wakazi wa majiji wameshaipoteza. Ramani ya dunia ya mwanga wa anga iliyochapishwa na watafiti mwaka 2016 ilionyesha kuwa zaidi ya asilimia 80 ya binadamu wanaishi chini ya anga lililochafuliwa na taa, na kwamba mtu mmoja kati ya kila watatu hawezi kabisa kuiona Njia Nyeupe, ule ukanda wa nyota unaokatiza anga, akiwa nyumbani. Hata hivyo, wakazi wengi wa miji midogo wanaotuomba ushauri hudhani ni lazima wafunge safari ndefu. Mara nyingi hawahitaji.

Mwanga wa taa unapopanda hukutana na hewa, vumbi na mvuke, ukatawanyika na kurudi chini. Ndio ule weupe unaouona juu ya mji ukiwa mbali usiku. Weupe huo hufifia upesi kadiri unavyokwenda mbali na mji. Mwanafalaki Mmarekani Merle Walker, aliyeupima katika miaka ya 1970, aligundua kwamba umbali ukiongezeka mara mbili, mwanga wa mji angani hupungua zaidi ya mara tano. Kiasi chake pia hufuata idadi ya watu. Kwa hesabu hiyo, giza unalolipata kilomita 10 kutoka mji wa watu 5,000, mwenzako wa mji wa watu 500,000 hulipata baada ya kilomita 60 na ushei, ikiwa hakuna mji mwingine jirani.

Kwa hiyo anayetoka mji mdogo hana haja ya kuhangaika sana na kilomita. Kinachomharibia usiku ni taa moja tu iliyo mbele ya macho yake: ya lango la shamba, ya kituo cha mafuta, ya mnara. Mboni ya jicho hufunguka upesi gizani, lakini seli za retina zinazoona mwanga hafifu huhitaji dakika 20 hadi 30 kufikia uwezo wake. Gari moja likipita na taa kali, unaanza upya. Ndiyo maana tunasisitiza tochi yenye mwanga mwekundu uliofifia, kwa kuwa seli hizo haziathiriwi sana na wekundu. Simu ibaki mfukoni.

Ramani za setilaiti ni mahali pazuri pa kuanzia, ila zisomwe kwa tahadhari. Zinapima mwanga unaopanda juu. Haziwezi kukuambia kama kuna balbu inayokuangalia kutoka ng'ambo ya bonde. Isitoshe, kifaa kinachotumika kutengeneza nyingi kati ya ramani hizo hakioni mwanga wa buluu. Mji uliobadilisha taa zake za zamani ukaweka LED nyeupe unaweza kuonekana umefifia kwenye ramani, kumbe angani umezidi kung'aa.

Basi chagua sehemu mbili au tatu kwenye ramani, kisha uende mchana. Tafuta mahali ambapo kilima au safu ya miti inaficha mji, huku upande unaotaka kuutazama ukiwa wazi hadi upeo wa macho. Upande ndio jambo ambalo watu husahau. Kati ya Juni na Agosti, sehemu ya Njia Nyeupe iliyo nene zaidi, kwenye makundinyota ya Nge na Mshale, huonekana tangu jioni. Walio kaskazini ya mbali huiona chini upande wa kusini, hivyo waende kusini mwa mji ili mwanga wake ubaki mgongoni. Walio karibu na ikweta na kusini mwake huiona ikipanda juu sana, na kwao upande si tatizo kubwa.

Mchana huohuo jua ardhi ni ya nani, uombe ruhusa. Angalia mashimo, na utafute pa kugeuzia gari ili usiwamulike wenzako. Kona ya barabara inayoelekeza taa za magari mahali utakapokaa inatosha kukufanya uhame.

Kalenda ya mwezi haina mjadala: mbalamwezi hufuta nyota hafifu hata jangwani. Tumia usiku kuanzia robo ya mwisho, mwezi unapochomoza karibu na saa sita usiku, hadi siku chache baada ya mwezi kuandama. Subiri pia jua lishuke nyuzi 18 chini ya upeo wa macho. Karibu na ikweta hilo huchukua saa moja na dakika chache baada ya machweo. Usiku unaofuata mvua mara nyingi ni bora, kwa kuwa vumbi limeoshwa.

Ukishafika, utajuaje kama giza ni la kweli? Mwaka 2001 mwanafalaki wa ridhaa Mmarekani John Bortle alitunga vipimo vya giza la anga vya ngazi tisa, ya kwanza ikiwa nyeusi kuliko zote. Kipimo ninachokipenda zaidi kati ya dalili zake hakihitaji chombo: tazama mawingu. Karibu na taa, wingu hung'aa kwa weupe au rangi ya chungwa. Penye giza halisi, wingu ni jeusi kuliko anga, kama tundu lililokata nyota. Ukiliona hilo, tulia. Kisha tafuta galaksi ya Andromeda, doa la ukungu ambalo mwanga wake umesafiri takriban miaka milioni 2.5. Usiikazie macho, tazama kando yake kidogo, ndipo itakapojitokeza.

Giza hili hulindwa mjini kwenyewe. Flagstaff, mji wa jimbo la Arizona nchini Marekani, ilianza kudhibiti taa mwaka 1958, na mwaka 2001 ikawa mji wa kwanza kutambuliwa kimataifa kwa kulinda anga lake. Mji wako unapopanga kununua taa mpya za barabarani, nenda kwenye kikao mapema, kabla hazijaagizwa. Omba taa zenye kofia zinazomulika chini tu, za kelvin 3,000 au pungufu (kipimo cha rangi ya mwanga: namba ikishuka, buluu hupungua), zinazopunguzwa nguvu usiku wa manane.