Beringi 11 za Nini?

Swali limerudi tena, safari hii na picha mbili za maboksi: rili zote mbili za kuvulia samaki ni nyepesi, moja ina beringi 5, nyingine 11, achukue ipi? Muulizaji ameshaamua, anangoja tu kuambiwa 11. Yakhe, beringi si shanga, hata zikizidi mkufu upendeze.

Kwenye rili ya kurushia chambo bandia mwambani, beringi zenye kazi nzito ni chache: za kushika pinioni (gia ndogo), za gia kubwa, na ile moja ndogo ndani ya kiroli kinachopitisha uzi. Zilizobaki hujazwa kwenye kishikio na penginepo, ambako bushi ya plastiki, yaani pete tu isiyo na gololi, ingetosha, tena bushi haishiki kutu. Kila beringi ya ziada ni chuma kingine cha kuliwa na chumvi. Ya kwanza kufa ni ya kiroli, maana huloa kila unapokunja uzi. Ikianza kulia kama panya, usiinyamazishe kwa grisi nzito: kiroli kitagoma kuzunguka, uzi usuguliwe mahali pamoja hadi utoke manyoya. Tone moja la mafuta mepesi. Ikikataa, badilisha.

Namba ya ukubwa nayo isikuhadae, hakuna kipimo kimoja kwa kampuni zote. Hata Daiwa, kampuni ya rili ya Japani, walipoleta mfumo wao wa LT (nyepesi na imara), 4000 mpya ikawa ndogo kuliko 4000 ya zamani. Tazama kipenyo cha bobini, pale uzi unapozungushiwa, na mita za uzi inazobeba.

4000 nyepesi huwa na gramu 230 hadi 300. Raha ya mkono kweli, lakini uliza gramu zimepunguzwa wapi. Zikipunguzwa kwenye bodi ya plastiki laini, bodi hupinda samaki akivuta, meno ya gia hayakutani sawasawa, na kukunja uzi kunakuwa kama kukuna nazi kwa mbuzi butu. Dukani kaza breki (ile inayoishika bobini uzi usitoke ovyo), vuta kiroli kwa kidole huku ukizungusha mkono wa rili, kisha tazama nafasi kati ya rota, sehemu inayozunguka kukunja uzi, na bodi. Ikicheza, irudishe kabatini.

Sasa breki, ambayo ndiyo inayonichosha zaidi. “Hii ina breki ya kilo 10!” Ya kumfunga nani? Uzi wa kusuka wa paundi 30 ni kama kilo 13.6. Kawaida breki huwekwa robo hadi theluthi ya hapo, yaani kilo 3.4 hadi 4.5. Pima kwa mizani ya kuning'iniza, ile ya wauza samaki, si kwa kubahatisha na vidole. Na hiyo theluthi si aya ya msahafu: fundo hupunguza nguvu ya uzi, na paundi za kwenye lebo mara nyingi si paundi za kweli. Mimi huanzia robo. Ulaini wa breki ni muhimu kuliko kilo zake. Ikishikashika kabla ya kuachia, uzi hukatikia hapo hapo.

Halafu kuna hesabu ambayo boksi haliandiki. Umeweka kilo 4, bobini imejaa, kipenyo milimita 50. Nguru akachomoka, uzi ukabaki kipenyo cha milimita 35. Breki hujaigusa, lakini uzi sasa unavuta karibu zaidi na kitovu cha bobini, kwa hiyo samaki anavuta dhidi ya kilo 5.7, bado hujahesabu uzi mrefu unaoburutwa majini. Na hapo ndipo watu wanapokaza! Legeza. Bobini nyembamba hufika huko upesi kuliko pana, kwa hiyo kwa kolekole wakubwa na nguru ningechukua rili ya gramu 400 na kitu yenye bobini pana, beringi 5, na nisione haya.

Kuhusu rili zilizozibwa maji yasiingie, nina moyo nusu nusu. Huzuia chumvi kweli, ila maji yakishapenya hayana pa kutokea, na kuifungua nyumbani ni kazi.

Kuosha: kaza breki kwanza, nyunyiza maji baridi taratibu, usipige kwa presha, kausha, kisha legeza breki ili washa zake (visahani vya ndani) zisikandamizwe. Visima vingi vya karibu na ufuo hapa Malindi vina chumvichumvi, na kuosha kwa maji hayo ni kuongeza chumvi juu ya chumvi. Watu wa Shela kule Lamu wenye maji matamu chini ya machuguu yao ya mchanga wana bahati. Mto Sabaki ukifurika na ghuba ikageuka nyekundu, osha hata kama umerusha nusu saa tu, tope lile ni jembamba mno.

Na kabla hujarudisha rili dukani kwamba breki imekufa, shika bobini kwa mkono na uvute uzi. Bobini ikitulia huku uzi wote ukizunguka juu yake, breki ni nzima: uzi wa kusuka huteleza kwenye bobini tupu. Anza na mita chache za nailoni chini yake.