Bastola Haiongezewi Nguvu kwa Kubadilisha Springi

Kila kipindi cha kuhakiki silaha za raia hapa Tanzania kinapokaribia, maswali yanayofika mezani kwetu hujirudia. Zamani wengi waliuliza habari za leseni iliyopotea au bunduki iliyoachwa na marehemu. Siku hizi kuna swali jingine, na wanaoliuliza ni watu wenye leseni halali: wafanyabiashara, wenye mashamba, watu wasio na nia mbaya hata kidogo. Wanasema, nina bastola ya milimita tisa, au ya .45, nataka ipige risasi yenye nguvu zaidi. Ni fundi gani anaweza kunifungia mtutu mwingine?

Jibu la kiofisi ni fupi. Silaha iliyomo kwenye leseni yako haibadilishwi kaliba, yaani ukubwa wa risasi inayotumia, kwa uamuzi wako na fundi wako. Ila jibu hilo halijawazuia watu kuuliza, na wapo ambao wameshaacha kuuliza na kwenda moja kwa moja kwa mchonga vyuma. Kwa hiyo naeleza kwa kirefu, nikianza na chuma chenyewe kabla ya sheria, maana nimegundua kwamba mtu akishaelewa kinachotokea ndani ya chemba, pale risasi inapokaa ikisubiri kufyatuliwa, hamu yenyewe hupungua.

Watengenezaji wengi wa silaha na risasi hufuata viwango vya mgandamizo vya taasisi ya Marekani iitwayo SAAMI. Kwa risasi ya kawaida ya .45 ACP ukomo ni pauni 21,000 kwa inchi ya mraba. Kwa milimita tisa, ile inayotumika kwenye bastola nyingi hapa nchini, ni 35,000. Kwa milimita kumi, ambayo ndiyo wengi wanaiota baada ya kuangalia video, ni 37,500. Tairi la gari dogo hujazwa pauni 30 hadi 35. Maana yake ni kwamba hata bastola ya kawaida ya milimita tisa, kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, hubeba mgandamizo mara elfu moja ya ule wa tairi, tena mbele ya uso wako, ikiwa imeshikwa kwa vidole vyako.

Sasa angalia tofauti kati ya .45 na milimita kumi. Kwa macho bastola hizo mbili zinaweza kufanana kabisa, na ndiyo maana mtu hudhani ni suala la mtutu na magazini tu. Lakini mgandamizo umeruka kutoka 21,000 hadi 37,500. Fremu (kiunzi cha chini chenye mshiko), slaidi (kipande cha juu kinachorudi nyuma kila risasi inapotoka) na mahali mtutu unapojifunga na slaidi ni vilevile vilivyokokotolewa kwa mgandamizo ule mdogo.

Haya hayajatokea kwa mafundi wa vichochoroni peke yao. Bastola ya M1911 iliyobuniwa na John Browning ilikubaliwa na jeshi la Marekani mwaka 1911 kwa ajili ya risasi ya .45. Mwaka 1987 kampuni ya Colt ilitoa toleo lake la milimita kumi, Delta Elite, likiwa na umbo lilelile. Hao ni watu wenye kiwanda, wahandisi, mitambo ya kupima na miongo kadhaa ya kuitengeneza bastola hiyohiyo. Bado fremu za awali zilianza kupasuka kwenye reli ambayo slaidi hutelezea, mahali pembamba juu ya kizuizi cha slaidi, hata kampuni ikaamua kukiondoa kabisa kipande hicho cha reli. Kama kiwanda kilichoizaa silaha hiyo kilipata nyufa, sioni fundi mwenye tupa na mashine ya kuchomelea anategemea nini.

Kuna dhana moja ambayo, niseme ukweli, imenichosha. Mtu anakuja na uhakika kamili: “Mkuu, mimi nimeweka springi ngumu, tatizo limekwisha.” Halijakwisha. Springi inapunguza kasi ya slaidi inaporudi nyuma. Mgandamizo mkubwa kuliko wote hufika mapema, wakati kichwa cha risasi kimesogea kidogo tu ndani ya mtutu na slaidi ndiyo kwanza inaanza safari yake. Katika hatua hiyo kinachozuia moto usikurudie ni ganda la shaba, kuta za chemba na kufuli ya mtutu. Springi haina kazi yoyote hapo. Tena springi iliyozidi ugumu ina madhara yake, kwani huirudisha slaidi mbele kwa kishindo, na silaha inaanza kukwama na kuchakaa upande mwingine.

Ganda lenyewe husema kila kitu, ukijua pa kutazama. Likiletwa maabara tunaliweka chini ya hadubini na kuligeuza taratibu. Ganda la silaha inayofanya kazi ndani ya kiwango lina kuta zilizonyooka, na fataki yake, kile kidude cha kitakoni kinachowasha baruti, bado ina ukingo wa mviringo. Ganda lililotoka kwenye bastola iliyolazimishwa huwa limevimba upande mmoja, karibu na kitako, pale ambapo sakafu ya chemba imekatwa ili risasi ipande kutoka kwenye magazini. Sehemu hiyo haina chuma cha kuiegemeza. Fataki nayo imelala bapa, imejaa hadi kwenye kingo za tundu lake, na wakati mwingine alama ya pini imebeba ukingo kama volkano ndogo. Ganda la namna hiyo limeponea chupuchupu. Risasi inayofuata ikiwa na tofauti ndogo tu, baruti iliyozidi kidogo au kichwa kilichosukumwa ndani, uvimbe ule unapasuka, na gesi inashuka kwenye magazini na kiganjani. Mwenye bastola hupoteza kidole au jicho. Magazini hutupwa chini na vipande vya kitako cha mkononi huruka pembeni, kwa hiyo aliyesimama jirani naye hayuko salama.

Wanaofanya hivyo wengi husema wanataka kujilinda. Naelewa. Lakini hata hoja ya nguvu ina historia ambayo video hazisimulii. Milimita kumi ilianza mwaka 1983 na bastola ya Bren Ten, kwa msukumo wa Jeff Cooper, mwalimu wa bastola wa Marekani aliyetaka risasi nzito na ya kasi. Risasi za kwanza, zilizotengenezwa na kampuni ya Norma ya Uswidi, zilikuwa na kichwa cha gramu 13 hivi na kasi ya karibu mita 366 kwa sekunde. Bastola yenyewe haikufika mbali. Kampuni iliyoitengeneza ilifilisika mwaka 1986, na wapo wateja waliopokea bastola bila magazini. Mwaka huohuo, Aprili 11, maofisa wa FBI, shirika la upelelezi la Marekani, walipambana na majambazi wawili mjini Miami, maofisa wawili wakauawa na wengine kujeruhiwa. Shirika likaamua kwamba risasi zake ni dhaifu, likachagua milimita kumi.

Kilichofuata ndicho ninachotaka mkizingatie. FBI walipoijaribu waliona mrusho wake, yaani teke la bastola mkononi, ni mzito kwa maofisa wengi, wakaagiza risasi ya milimita kumi iliyopunguzwa nguvu. Viwanda vikaona kwamba kama nguvu imepunguzwa, basi ganda refu la nini. Mwaka 1990 ikatoka risasi ya .40 S&W, fupi zaidi. Katikati ya miaka ya 2010 FBI wakarudi kwenye milimita tisa. Maofisa wanaofyatua mara nyingi kwa mwaka, chini ya walimu, walipiga shabaha vizuri zaidi na haraka zaidi kwa risasi ndogo. Mmiliki wa duka anayefyatua mara moja kwa mwaka, kama anafyatua kabisa, anatafuta nguvu waliyoiacha wao.

Tukija kwenye sheria, msingi ni Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1991. Leseni haisemi “bastola” ikaishia hapo. Inataja aina, mtengenezaji, namba ya silaha na kaliba. Ukibadilisha mtutu ukafunga wa kaliba nyingine, silaha iliyo kiunoni siyo ile iliyoandikwa. Na risasi ulizonunua kwa ajili ya mtutu huo hazina leseni, hata kama kabatini kwako una leseni ya bastola ileile. Watu wengi hufikiria kosa liko kwenye chuma, wakazisahau risasi. Kumiliki risasi bila leseni ni kosa linalojitegemea, na hati ya mashtaka huandikwa kwa makosa mawili tofauti: la silaha na la risasi.

Hapa nitakwenda polepole, maana ndipo panapowashangaza watu mahakamani. Makosa hayo mawili yamo kwenye jedwali la makosa ya uhujumu uchumi, chini ya Sheria ya Uhujumu Uchumi na Makosa ya Kupangwa, Sura ya 200. Kwa hiyo mshtakiwa hafunguliwi kesi ya kawaida ya jinai. Mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi haiwezi kuanza kuisikiliza mpaka Mkurugenzi wa Mashtaka atoe ridhaa yake kwa maandishi, pamoja na hati ya kuipa mahakama hiyo mamlaka. Bila nyaraka hizo shauri hutajwa na kuahirishwa, hutajwa na kuahirishwa. Pia, tangu marekebisho ya mwaka 2016, adhabu ya uhujumu uchumi ni kifungo kisichopungua miaka 20 na kisichozidi 30. Hakimu hana nafasi ya kukuonea huruma kwa kukutoza faini peke yake. Simtishi mtu. Naeleza tu kwamba “nilikuwa naijaribu” si utetezi unaopunguza miaka hiyo kuwa michache.

Fundi naye ana yake. Kutengeneza au kukarabati silaha za watu kunahitaji leseni ya kazi hiyo, na aliyezoea kutengeneza magobore (bunduki za kienyeji) kijijini hana leseni hiyo kwa sababu tu ni hodari wa mikono. Mkono wake unaweza kuwa mzuri sana, silipingi hilo. Nimeona magobore yaliyotengenezwa kwa ustadi wa kushangaza. Lakini gobore hutumia baruti nyeusi yenye mgandamizo mdogo, na ujuzi wake hauhamii kwenye chemba ya bastola.

Wapo pia wanaosema mtutu ni kipuri, unaagizwa kama kipuri kingine. Itifaki ya Nairobi, iliyotiwa saini Aprili 21, 2004 na nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika, Tanzania ikiwemo, inazitaka nchi zidhibiti silaha ndogo pamoja na sehemu zake, na zitie alama kwenye silaha zinapotengenezwa na zinapoingizwa nchini. Mtutu uliofichwa ndani ya boksi la vifaa vya mazoezi hauna kibali cha kuingia, na aliyeuagiza ndiye anayetakiwa kueleza. Na kama kuna anayedhani akibadilisha mtutu amefuta alama za silaha yake, ajue kwamba ganda hupokea pia alama za pini, kucha ya kuvutia ganda na uso wa slaidi.

Mwenye haja ya kweli ya kaliba nyingine ana njia. Andika barua ya maombi ukieleza silaha uliyo nayo, namba yake, na sababu ya kuomba nyingine. Barua hupitia serikali ya mtaa au kijiji, ikafika kamati ya ulinzi na usalama ya kata, kisha wilaya, kisha mkoa, ndipo Msajili wa silaha anaamua. Ndiyo, inachukua muda. Ndiyo, utaulizwa upya maswali uliyojibu ulipoomba ya kwanza, pamoja na namna unavyoihifadhi nyumbani. Usinunue silaha ukitegemea kwamba kibali kitafuata, wala usimlipe mtu anayekuahidi kukifupisha. Ukikubaliwa, silaha mpya inakuja na usajili wake. Ya zamani inabaki kwenye kumbukumbu mpaka uhamisho wake ukamilike kwa maandishi. Kumwachia shemeji “aishike kwanza” ni kumtia shemeji kwenye kesi ile niliyoieleza juu.

Kwa aliyekwisha kubadilisha, ushauri wangu ni wa tahadhari. Usiifyatue tena, hata mara moja, hata kuwaonyesha polisi kwamba inafanya kazi. Usimrudie fundi airudishe ilivyokuwa, kwani chemba iliyokwisha kuchongwa hairudi. Serikali imekuwa ikitangaza vipindi vya kusalimisha silaha kwa hiari bila kushtakiwa, kama kile cha Septemba na Oktoba mwaka 2023, na masharti yake hutajwa kwenye tangazo la kipindi husika. Nje ya vipindi hivyo siwezi kumwahidi mtu kitu kwa niaba ya ofisi ya mashtaka, ila anayejitokeza mwenyewe na anayekamatwa njiani hawaandikwi maelezo yanayofanana.

Piga simu au nenda kituoni kwanza bila silaha, uonane na mkuu wa kituo, mpange siku na namna ya kuileta. Siku hiyo magazini iwe imetolewa, chemba imekaguliwa kuwa tupu, silaha kwenye mfuko uliofungwa, na leseni yako iwe mkononi. Mtutu wa awali, kama bado unao, uje nao. Risasi zilizobaki zije pia, kwenye boksi lake na si ndani ya magazini, zikiwa zimehesabiwa, na usiondoke kituoni kabla idadi hiyo haijaandikwa kwenye hati ya makabidhiano utakayopewa nakala.