"Tutashusha Kiti": Uongo Tunaoambizana Tukinunua Baiskeli za Mbio Mtandaoni

Kuna sentensi moja ambayo mteja akiitamka, naweka spana chini. Ananionyesha simu: baiskeli ya mbio imeegemezwa ukutani huko Dar au Nairobi, rangi inang'aa, bei imekaa vizuri, muuzaji ameandika anayewahi ndiye wake. Nauliza saizi. Jibu ni lile lile mwaka mzima: "Fundi, saizi si tatizo, tutashusha kiti."

Hilo nitalieleza kwa urefu. Mengine nitayapitia harakaharaka, kwa sababu yana dawa ukiwa na pesa. Fremu isiyokufaa dawa yake ni kuiuza.

"Ikiwa kubwa unashusha kiti, ikiwa ndogo unapandisha"

Mazoea haya tumeyatoa kwenye Phoenix na Avon. Huku Usukumani baiskeli ni ya ukoo: baba anaiendea mnadani, mtoto anaiendea shule, jioni inabeba gunia la mpunga, na hakuna aliyewahi kuuliza ni ya saizi gani. Unakaa wima, usukani umekujia kifuani, basi. Baiskeli ya mbio unaiendesha umeinama, na mwili wako umeshikwa sehemu tatu: pedeli, kiti na usukani. Kupandisha au kushusha kiti kunatengeneza umbali wa mguu na pedeli tu. Umbali wa kutoka kitini hadi usukanini umeamuliwa na fremu, kiwandani, zamani.

Chukua mtu wa sentimita 168 aliyenunua fremu ya 58, yaani bomba la kiti la sentimita 58, kwa kuwa ilikuwa bei ya kutupa. Tunashusha kiti mpaka kinakaribia kulala juu ya fremu. Miguu inafika, anatabasamu, ananiangalia kwa jicho la "si nilikwambia". Kisha anashika usukani. Mikono imenyooka kama ya mtu anayesukuma mkokoteni, viwiko vimekaza, mabega yamepanda hadi masikioni. Kila shimo la barabarani linapanda moja kwa moja hadi shingoni. Akifika Kisesa viganja vimekufa ganzi. Na siku daladala ikimkatia ghafla pale Buzuruga, akaruka kutoka kitini kuweka miguu chini, atatua juu ya bomba la juu. Wanaume wamenielewa.

Wiki inayofuata anarudi: "Fundi, usukani usogee." Sawa, kuna shingo ya usukani, kile kipande kinachoushika usukani na kuusogeza mbele, na zinauzwa za milimita 70 hadi 130 hivi. Nikitoa ya 110 nikaweka ya 80 nimemrudishia sentimita tatu, na usukani umeanza kuwa mwepesi kupita kiasi, unageuka kabla hujaamua. Haijatosha. "Basi sogeza kiti mbele." Nikisogeza kiti mbele, goti linakwenda mbele ya pedeli, na maumivu yaliyokuwa begani yanahamia gotini. Hapo ndipo ninapoambiwa kwamba mafundi wa Mwanza hatujui kazi.

Fremu ndogo kidogo ina unafuu. Unaongeza shingo ya usukani, unapandisha nguzo ya kiti. Lakini nguzo hiyo ina mstari uliochorwa, na mstari huo lazima ubaki ndani ya fremu. Ukiupitisha nje, uzito wako wote unakamua mdomo wa bomba la kiti, na hapo ndipo fremu hupasukia. Ukiwa katikati ya saizi mbili, chukua ndogo. Huo ni ushauri wangu na siubadilishi.

Kupima si kazi. Vua viatu, simama umeegemea ukuta, weka kitabu kigumu katikati ya mapaja, ukingo wake ukigusa ukuta, kipandishe mpaka kibane. Mwenzako aweke alama, mpime kutoka alama hadi sakafuni. Ukizidisha kwa 0.883 unapata urefu wa kiti kutoka katikati ya ekseli ya pedeli, ile inayopita ndani ya fremu kati ya mikono miwili ya pedeli. Ni kanuni iliyoenezwa na Greg LeMond, Mmarekani aliyeshinda Tour de France mara 3, mwaka 1986, 1989 na 1990. Ukizidisha kwa 0.67 unapata saizi ya fremu ya mtindo wa zamani, ile yenye bomba la juu lililolala. Mwenye sentimita 80 atapata kiti cha 70.6 na fremu ya 53 au 54. Huo ni mwanzo tu, lakini tayari umeshamkataa muuzaji wa 58.

Usiishie kwenye namba iliyobandikwa kwenye fremu. Kiwanda kimoja kinapima bomba la kiti hadi katikati ya bomba la juu, kingine hadi mdomoni kabisa, kingine kimeachana na namba kinaandika S, M, L, na Giant wana M/L katikati yake. M ya huyu si M ya yule. Kinacholinganishika ni vipimo viwili, staki na richi. Vyote vinaanzia katikati ya ekseli ya pedeli na kuishia juu ya bomba la kichwa: staki ni kwenda juu, richi ni kwenda mbele. Viwanda vikubwa vinavichapisha kwa kila modeli, na majedwali ya modeli za zamani yamejaa mtandaoni. Ukipewa jina la modeli na mwaka, ni kazi ya dakika tano. Tafuta na vipimo vya baiskeli ya rafiki yako ambayo ukiiendesha unajisikia vizuri, ulinganishe. Milimita 10 za richi utazihisi na zinatibika. Milimita 30, achana nayo.

Muuzaji hajui modeli? Alaze futi kamba kwenye bomba la juu, usawa na ardhi, apige picha. Akisema hana muda wa kupima, na wewe huna muda wa kutuma hela.

Za triathlon, mashindano ya kuogelea, baiskeli na kukimbia, ndiyo kabisa. Bomba lake la kiti limesimama, nyuzi 76 hadi 80, wakati la baiskeli ya barabara ni 72 hadi 74, kwa sababu mwendeshaji analala mbele juu ya viwiko. Nyingi za kisasa zina usukani na shingo vya kwake mwenyewe, vilivyofinyangwa pamoja na fremu, ambavyo huwezi kubadilisha kwa kipuri cha dukani. Mtu akiniambia "tutashusha kiti" kwa baiskeli kama hiyo, natafuta maji ya kunywa.

Halafu kuna jambo ambalo hakuna anayeliuliza. Nguzo ya alumini ikikaa miaka ndani ya fremu ya chuma au ya kaboni, ikinyweshwa jasho, inaota kutu yake nyeupe na kung'ang'ania humo. Haipandi, haishuki. Kwa hiyo dai video: sekunde kumi, muuzaji alegeze bolti, nguzo ipande na ishuke. Umenunua baiskeli kubwa kwa matumaini ya kushusha kiti, na kiti chenyewe hakishuki; nimewaona, wapo.

"Tairi ni 28, zimejaa madukani"

Zimejaa, za Phoenix. Tairi ya 28 kwa moja na nusu tuliyoizoea inakaa kwenye rimu ya milimita 635. Baiskeli ya mbio ya kawaida, ile inayoitwa 700C, ni milimita 622. Tofauti ni milimita 13. Ukilazimisha, tairi inacheza juu ya rimu na ukijaza upepo inaruka. Na kwa kuwa mahali pengine hata 622 huandikwa 28, muuza duka atakuapia kwamba ni ile ile.

Soma ubavuni mwa tairi. Ikiandikwa 25-622, upana ni milimita 25 na rimu ni 622, umepona: agiza Dar, itakuja na basi. Ikiandikwa 571, simama hapo hapo. Hiyo ni 650C, iliyowekwa kwenye baiskeli nyingi za triathlon za miaka ya 1990 na kwenye fremu ndogo za mbio. Tairi zake ni za kutafuta kwa tochi hata Ulaya, sembuse hapa Makoroboi. Bei yake ndogo mtandaoni imetokana na hilo.

Uliza pia kama tairi ni za kugundi, zile zilizoshonwa tumboni zikafunika tyubu yake. Pancha yake ni kufumua, kuziba, kushona na kugundi upya. Mimi naifanya, ila usije ukaketi kwenye benchi ukisema unasubiri.

Valvu nyembamba isiwatishe. Kuna kishaba kidogo unakizungushia juu yake, na kijana yeyote wa kujaza upepo barabarani anaijaza.

"Imetumika kidogo tu, hata kilomita 500 hazifiki"

Baiskeli haina mita kama ya gari, anaweza kukuandikia chochote. Cheni haijui kudanganya. Muuzaji achukue rula ya shule, upande wa inchi, aweke sifuri katikati ya pini moja. Kwenye cheni mpya, pini ya inchi 12 inaangukia kwenye mstari wa 12 barabara. Ikiwa imepita kwa milimita moja na nusu hivi, cheni imekwisha. Ikiwa imepita kwa milimita tatu, imeshakula na kaseti, yale meno ya gia ya gurudumu la nyuma, na ukifunga cheni mpya peke yake itakuwa inaruka meno kila ukipanda mlima wa Bugando. Hesabu vyote viwili kwenye bei.

Kama breki ni za kubana rimu, omba picha ya ukuta wa rimu karibu kabisa. Rimu nyingi zina kitundu au mfereji mwembamba wa alama. Ukifutika, rimu imekwisha. Na mipira ya kushikia breki ikiwa inanata au imechanika, hizo kilomita 500 zimezungukwa mara nyingi sana.

"Kaboni ikizeeka inavunjika yenyewe"

Haivunjiki kwa uzee. Inavunjika kwa pigo la ubavuni na kwa fundi aliyekaza bolti kwa hasira. Bolti nyingi za hapo zinataka nyutonimita 5 tu, yaani vidole viwili kwenye spana fupi. Dai picha za chini ya ekseli ya pedeli, bomba la kichwa, na fito ya nyuma upande wa cheni. Ufa wa rangi unaweza kuwa wa rangi tu, unaweza kuwa wa fremu, na kwa picha hutajua, kwa hiyo chukulia ni wa fremu. Iliyopigwa rangi upya siinunui, hata kwa nusu bei.

"Yenye jina kubwa na gia nyingi ndiyo bora"

Kwa vipuri vya kampuni ya Shimano, Ultegra ni daraja la juu na Tiagra ni la chini yake, lakini Ultegra iliyochakaa inashindwa na Tiagra iliyotunzwa. Kabla hujafurahia gia, kumbuka kwamba kwa kawaida kaseti ya barabara ya gia 11 ya Shimano haiingii kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu la nyuma, ya gia 8, 9 au 10. Habu hiyo ya zamani imepungua milimita 1.85. Gia za umeme, hakikisha chaja yake imo kwenye boksi, maana ya simu haikusaidii. Breki za mafuta: Shimano wanatumia mafuta ya madini, za barabara za mshindani wake SRAM zinatumia DOT, mafuta ya breki ya aina ya magari. Ukichanganya, mipira ya ndani inaharibika na breki inakufa. Niulizeni kwanza, msimpe kijana wa bodaboda amwagie ya kwake.

"Ya triathlon ina kasi zaidi, nitaitumia kote"

Ina kasi ukiwa peke yako kwenye barabara iliyonyooka. Katika mashindano ya barabara ya UCI, shirikisho la baiskeli la dunia, ya kuanza pamoja, usukani wa kulalia hauruhusiwi, na triathlon za Olimpiki, ambako kufuata mgongo wa mwenzako ni ruhusa, zinataka usukani wa kawaida uliojikunja. Kwa hapa kwetu, ukilala viwiko, vidole viko kwenye gia na breki ziko mbali. Jaribu hivyo saa moja asubuhi Barabara ya Nyerere, kati ya daladala na mikokoteni, uniambie.

"Bei ni ile iliyoandikwa"

Ikitoka nje ya nchi, ushuru unakokotolewa juu ya bei, bima na nauli kwa pamoja, kisha VAT inakuja juu yake. Ikitoka Dar, kuna nauli ya basi, na kuna tairi, cheni, waya na utepe wa usukani ambavyo karibu kila ya mtumba inavihitaji. Muuzaji apige picha namba ya fremu, kwa kawaida ipo chini ya ekseli ya pedeli. Akisita, au namba imekwanguliwa, ni ya wizi mpaka ithibitike vinginevyo. Hela usitume yote. Kama una ndugu huko, aende aione, akuonyeshe kwa video, ndipo ulipe.

Na msiache ifungwe kienyeji kwenye buti la basi. Nyingi nazipokea kutoka stendi ya Nyegezi zikiwa zimepinda pale kibadili gia cha nyuma kinapofungwa, kwa sababu gunia la mtu lililalia hapo usiku kucha. Kifunguliwe kifungwe ndani ya fremu kwa kitambaa, uma wa mbele utiwe kipande cha mti katikati ya miguu yake, pedeli zitolewe. Ya kushoto inafunguka kwa kuzungusha upande ambao mishale ya saa inakwenda. Mwambieni muuzaji mapema, kabla hajaenda kuazima nyundo.